Siku Niliyoufuta Uso wa Bibi

Juzi mwanangu aliupaka rangi mlango wa chumba changu, akaniomba nikae barazani mpaka ukauke. Nikakaa. Harufu ya tapentaini ikanifuata hapo hapo nilipokaa, na chai niliyokuwa nayo mkononi ikanishinda. Alipokuja kuniuliza kama naumwa nilimwambia ni uzee tu, naye akaridhika. Ninyi mliozaliwa zama zangu, mliobebwa migongoni kwa nguo za kufumwa na wazee wetu kabla marekani, kile kitambaa cha kiwandani, haijajaa kila duka, nadhani naweza kuwaambia. Harufu ile naikimbia tangu nikiwa mtoto wa miaka minane hivi, kwa sababu ya jambo nililomfanyia bibi yangu.

Nililelewa na babu na bibi, wazazi wa baba. Kijiji chetu kilikuwa chini ya Itaka, kwenye mteremko wa kwendea Ivuna, pale baridi ya Mbozi inapoishia na joto la bondeni linapoanza. Baba alikuwa amevuka mpaka kwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba, na mama akamfuata. Mimi waliniacha kwa wazee. Sikumbuki kulia walipoondoka. Nakumbuka tu kwamba tangu siku hiyo nililala mgongoni kwa Bibi, na usingizi wangu ulikuwa na harufu ya pamba na moshi.

Babu yangu, mzee Siwale, alikuwa mfumi. Kitanda chake cha kufumia hakikuwa na miguu mirefu kama vile vya mashine. Kilikuwa vigingi vinne vilivyopigiliwa ardhini chini ya kibanda cha nyasi, na miti miwili iliyovuta nyuzi kutoka ncha hii hadi ile. Alikaa chini, miguu akaikunja, akapitisha uzi katikati ya nyuzi, kisha akaugonga kwa upanga wa mbao ukae mahali pake. Tok, tok. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa asubuhi yetu. Siku ambayo haikusikika, jirani alipita kuuliza kama kuna mgonjwa.

Uzi ulitoka kwa Bibi. Alikuwa wa ukoo wa akina Simbeye, kwa hiyo kwa desturi yetu Wanamwanga aliitwa Nambeye, lakini kwangu alikuwa Bibi tu. Alichambua pamba akitoa mbegu kwa vidole, akaikunjua mpaka ikawa kama ukungu, kisha akaining'iniza kwenye kijiti chenye kibao cha mviringo chini yake. Alikizungusha kijiti pajani, sha, akakiachia, na uzi ukazaliwa kati ya mkono na hewa. Nilijaribu mara nyingi. Wangu ulikatika kila mara, na Bibi aliuunga nikaanza tena.

Zamani, waliniambia, watu wa Ivuna walipopandisha mzigo wa chumvi walipitia kwetu kwanza, wakaacha chumvi wakabeba nguo. Mimi nilipopata akili, wachumvi walikuwa wakipita tu na kusalimu. Walikuwa wamevaa marekani na kaniki kutoka madukani Mlowo. Walikaa kidogo kivulini, wakaishika nguo ya Babu, wakaisifu kwamba ni nzito, haipitishi baridi, kisha wakaenda zao. Babu aliwasindikiza mpaka njiani, akarudi akaendelea kugonga.

Ndipo akaja Mwalimu Yona. Alikuwa kijana kutoka upande wa Rungwe, aliyeletwa kufundisha shule ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya mto. Hakujua Kinamwanga, akazungumza nasi Kiswahili, na Babu alimjibu Kiswahili chake cha kubebea mizigo wakati wa vita ya Wajerumani. Mwalimu alijua kuchora kwa rangi za mafuta. Alipojifunzia sijui; alikuwa na kisanduku cha mbao chenye rangi zilizofungwa ndani ya vibati laini kama dawa ya kidonda, na chupa ya tapentaini aliyoifunga kwa kitambaa ili isimwagike njiani.

"Shikamoo, Babu," alisema siku ya kwanza, akachuchumaa mbali kidogo na kitanda. "Ningependa kukuchora ukiwa kazini. Wewe na Bibi."

"Marahaba. Utuchore ili iweje?"

"Ili mbaki. Nimetoka Mlowo kwa miguu mpaka hapa, nimekuta wafumi watatu tu, wote wazee."

"Wako wanne," Babu akasema. "Mmoja atakuwa alilala ulipopita."

Mwalimu akacheka, na Bibi naye akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa kimemwanza kabla ya mvua na hakikutaka kumwacha. Babu alimtazama mpaka kilipotulia. Kisha akamwambia Mwalimu, "Njoo. Ila usinisimamishe. Nguo hii nina haraka nayo."

Jumamosi iliyofuata akaja na kitambaa alichokiwamba kwenye fremu ya mbao. Babu alikigusa kwa kidole gumba, akakitambua mara moja. "Marekani hii."

"Ndiyo, Babu. Naipaka gundi kwanza, kisha rangi."

"Basi imepata kazi," Babu akasema, akarudi kukaa.

Ile nguo ya haraka nami nilikuwa nimeiulizia. Ilikuwa nyeupe tupu, ndefu kuliko nguo zote nilizowahi kumwona akifuma, na Bibi alikuwa amekataza mtu mwingine yeyote kuisokotea uzi. Siku moja nilimuuliza Babu ni ya nani.

"Ya bibi yako. Ni ya safari."

"Anakwenda wapi?"

Babu aligonga uzi mara kadhaa kabla ya kunijibu. "Mbali, mwanangu."

Kwangu mimi, mbali kulikuwa kumoja tu: kule migodini, kwa baba na mama. Nikajua Bibi anakwenda kuwaona, anafumiwa nguo mpya isiyo na aibu mbele ya watu wa ng'ambo. Nikamwendea pale alipokuwa akisokota.

"Na mimi nitakwenda nawe?"

"Hapana, mama," akasema. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. "Wewe utabaki umpikie babu yako."

"Utarudi lini?"

Akaushika uzi usikatike, akanitazama. "Niletee maji ya kunywa," akasema.

Nilikasirika siku tatu. Sasa nikifikiri, naona walivyokuwa wananizungusha, na sijui kama ningewalaumu. Walikuwa wamekwenda zahanati na kurudi. Walikuwa wameshajua. Lakini mimi niliona safari ikikaribia nami nikiachwa, na nikaazimia kuwa mwema kupita kiasi ili Bibi abadili mawazo. Nilichota maji kabla ya kuambiwa. Nilichambua pamba mpaka vidole vikaniwasha.

Mwalimu alikuja kila Jumamosi, na siku nyingine akaja baada ya masomo. Fremu hakuweza kuibeba huku na huko kwa sababu rangi ilikuwa haikauki upesi, kwa hiyo aliiacha kibandani, imeegemea nguzo, na Babu akaizungushia miba mbuzi wasiisogelee. Kila alipofungua chupa ile harufu ilijaa kibandani, kali, ikatukaa kooni. Kwanza akamchora Babu. Kikatokea kitanda, vikatokea vigingi, ukatokea mgongo wa Babu ulioinama, na kweli ulikuwa mgongo wake. Nilitamani kuugusa.

Kisha akaanza kumchora Bibi. Hapo ndipo maneno yake yalipoingia kichwani mwangu yakakaa vibaya. Jioni moja, wakati anafuta brashi zake, alimwambia Babu kwa furaha, "Leo nimeichukua mikono yake. Yote miwili. Imenisumbua, lakini nimeipata."

Nilikwenda kuangalia. Mikono ya Bibi ilikuwa mle ndani, mishipa yake, kovu la moto kwenye kidole kidogo, uzi ukitoka kati ya vidole. Ilikuwa hai kuliko ile halisi.

Asubuhi yake Bibi alikizungusha kijiti, kikamwanguka. Akakiokota, kikamwanguka tena. Akaiweka mikono mapajani, akaitazama kama mtu anayetazama vyombo vya jirani. "Imeishiwa nguvu," akamwambia Babu.

Mtoto hujumlisha anachokiona na anachokisikia. Mwalimu ameichukua mikono. Bibi hana mikono. Hakuna aliyenifundisha hesabu hiyo. Niliifanya mwenyewe nikiwa nimesimama na kata ya maji mkononi.

Sikumwambia mtu. Nilianza kumchunguza Mwalimu. Alikuwa mpole, alituletea sukari iliyofungwa kwenye karatasi, alimsalimu Bibi kwa kupiga magoti, na jambo hilo likanitia hofu zaidi. Shangazi yangu, dada yake baba, akaja kutoka Itaka kukaa nasi, akawa anamkanda Bibi miguu na kumpikia uji. Bibi aliendelea kutolewa nje kila asubuhi kukaa kibandani kwa sababu aliitaka ile sauti ya kugonga. Uzi uliobaki alikuwa ameshausokota. Babu aliufuma huku akiupima kwa macho, kitambaa kilichobaki na uzi uliobaki, na midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti.

Siku ya Ijumaa Mwalimu alikuja akachora uso. Alikaa mpaka jua likaegemea. Alipoondoka akasema, "Uso nimeupata, bado macho tu. Kesho nitachukua macho, nitakuwa nimemaliza."

Jumamosi asubuhi Bibi hakuweza kuinua kichwa. Shangazi alimlisha uji kwa kijiko, ukatoka pembeni mwa mdomo. Babu alikuwa amekata nyuzi za mwisho, akakunja ile nguo, akaipeleka ndani bila kuionyesha. Kisha yeye na Shangazi wakasimama nyuma ya nyumba wakinong'ona, na mimi nikabaki peke yangu na kibanda.

Niliitoa miba. Nilichukua bonge la pamba kwenye kikapu cha Bibi, pamba aliyoichambua kwa mikono yake mwenyewe, nikaufuta uso. Rangi ilikuwa mbichi. Ilitoka kwa urahisi kuliko nilivyotegemea, mashavu kwanza, halafu paji, halafu mdomo. Macho yalikuwa mashimo mawili ambayo Mwalimu hakuyajaza bado, nikayafuta nayo. Mikono ilikuwa imeanza kukauka. Niliisugua kwa nguvu, nikatia tapentaini kidogo kama nilivyomwona Mwalimu akifanya kwenye vidole vyake, na yenyewe ikatoka. Pamba ikawa ya kahawia na nyekundu, ikalowa. Nikaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga, nikaingia ndani kwa Bibi.

Alikuwa macho. Nikakaa kando ya mkeka, nikaanza kumpaka ile pamba mikononi, kidole kimoja kimoja, nikihakikisha rangi inaingia.

"Nini hiyo?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Nakurudishia mikono, Bibi. Mwalimu aliichukua."

Nikahamia mkono wa pili.

"Na uso nimeuchukua. Macho hakuwahi kuyachukua. Sasa utapata nguvu ya safari." Kisha nikamwambia lile nililolificha siku zote: "Ukitaka kuniacha uniache tu. Nitampikia Babu."

Bibi alinitazama muda mrefu. Machozi yalimtoka yakapita pembeni yakaingia masikioni, kwa sababu alikuwa amelala chali, na mimi nikadhani ni ile harufu kali inayomwasha macho. Alinishika kiganja. Nawaambia kweli, alinishika kwa nguvu, na mimi nikaona dawa imefanya kazi.

"Nenda kaoge, mama," akasema. "Usimwambie mtu. Niitie babu yako."

Nilimwita Babu, nikaenda mtoni. Nilijisugua kwa mchanga. Niliporudi Mwalimu alikuwa amefika, amesimama mbele ya picha yake. Mahali pa Bibi palikuwa na ukungu wa kahawia.

"Nani amegusa?" aliuliza, si kwa ukali.

Babu alikuwa ametoka ndani. Alitazama picha, akaitazama miba niliyoisahau chini, kisha akanitazama mimi na nywele zangu zenye maji. "Mbuzi," akasema.

Mwalimu aligeuka, akaviona vidole vyangu. Tapentaini huacha ngozi ikiwa nyeupe na kavu, anayeijua haulizi. Alikunja mikono ya shati lake polepole. "Basi," akasema. "Nitaanza upya Bibi akipata nafuu."

Bibi alifariki Jumatatu, alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika. Niliamshwa na Shangazi akilia, na nilipoingia nikaona ile nguo nyeupe imekunjuliwa kando ya ukuta. Hakuna aliyenieleza. Nilielewa mwenyewe, nikiwa nimeshika mwimo wa mlango, nguo ilikuwa ya safari gani.

Wanawake walimwosha. Shangazi akatoka nje amechanganyikiwa, akamwendea Babu aliyekuwa amekaa na wanaume, mchungaji na Mwalimu. "Baba, mama ana rangi mikononi. Tumesugua kwa sabuni na jivu, haitoki. Hatuwezi kumzika hivi, watu watasema nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Ninayo dawa ya kuitoa," Mwalimu akasema, akanyanyuka. "Ni rangi yangu. Nilimshika mikono kumuaga siku ile, sikunawa. Nisameheni."

Alisema uongo huo mbele ya wazee wote na mbele ya mchungaji, bila kunitazama.

"Iacheni," Babu akasema.

"Lakini baba..."

"Nimesema iacheni. Mfungeni nguo yake."

Wakamfunga nguo aliyoisokota mwenyewe, aliyoifuma mumewe, na tukamzika juu ya kijiji, upande wa kwenda Itaka, kwa nyimbo za kanisani.

Matanga yalipokwisha Mwalimu akarudi. Alijaribu kumchora Bibi kwa kumbukumbu, akashindwa. Alifuta, akachora, akafuta. Mwisho akamwambia Babu, "Sura imenitoka. Naikumbuka sauti yake, sura siikumbuki." Kisha akanigeukia mimi. "Huyu anafanana naye. Paji la uso, mashavu, hata namna anavyoinama. Akikaa pale alipokaa Bibi, naweza kuufikia uso wake kupitia wa mtoto."

Babu aliniuliza kama nitakubali. Nikaona jinsi alivyouliza, mzee yule ambaye hakuwa amekigusa kitanda chake tangu mazishi. Alitaka kumwona Bibi tena, hata kwenye marekani.

Nilikubali. Msifikiri nilikuwa nimeacha kuamini. Niliamini zaidi, kwa sababu Bibi alikuwa amekufa kweli, na nikajua ni kwa vile nilichelewa. Nilijua Mwalimu akiniweka mle ndani nitaishiwa nguvu kama alivyoishiwa Bibi. Jioni ile nilimpikia Babu ugali na maharage, nikapanga kuni za siku nyingi, nikamwonyesha Shangazi nilipoweka chumvi. Nikampa mtoto wa jirani mwanasesere wangu wa gunzi. Kisha siku tatu mfululizo nikakaa pale, kijiti cha Bibi mkononi, nikaacha anichukue. Alipochora mikono yangu niliiaga. Alipofika machoni niliyafumbua sana, nimtazame Babu mara ya mwisho.

"Nimemaliza," Mwalimu akasema siku ya tatu.

Babu alikuja akasimama mbele ya picha. Akatikisa kichwa taratibu. "Siye," akasema. "Lakini anatokana naye. Asante, Mwalimu."

Nililala nikingoja. Asubuhi nikaamka. Nikaikunja mikono, ikakunjika. Nikatoka nje, nikainua mtungi uliojaa maji, nikaubeba kichwani mpaka jikoni bila kumwaga tone. Macho yalikuwa yanaona mpaka milima ya ng'ambo ya bonde. Nilikuwa mzima, mwenye nguvu na njaa.

Nikauweka mtungi chini. Picha haikuwa imechukua kitu kwa mtu. Haikuwa imechukua kitu kwa Bibi. Uso wake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, na mimi ndiye niliyeufuta kwa mkono wangu.

Babu alinikuta nimekaa kwenye majivu. Alidhani namlilia Bibi, akakaa karibu. Nikamwambia yote, kuanzia mikono mpaka tapentaini, huku kamasi zikinitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakuonekana kushangaa.

"Aliniambia," akasema. "Ile siku uliponiita. Alinionyesha mikono, akasema, 'Tazama alichonifanyia mjukuu wako. Nikifa msiioshe.'"

Nililia zaidi. Alinisubiri. Kuku walikuja wakadonoa unga uliomwagika karibu na mafiga, na hakuwafukuza.

Mwalimu Yona alihamishwa mwaka ule ule, akaondoka na picha, kwani nyumba yetu ya moshi ingeiharibu. Sijui iko wapi. Kama iko popote, imetundikwa kwenye ukuta wa mtu asiyetujua, anayeangalia mfumi na mkewe, asijue kwamba mke yule ana uso wa mtoto wa miaka minane aliyekuwa akiaga dunia. Babu hakufuma tena. Aling'oa vigingi kimoja kimoja, akayafukia mashimo yake kwa mguu, na tangu siku hiyo akawa anavaa marekani kama watu wengine wote.